Mwaka Kamera Ilipokataa Kushika

Wenzangu wakikaa kukumbuka mwaka uliowafunza maisha, hutaja mwaka wa ujana: wa kuajiriwa, wa kuoa, wa kunusurika ajali. Wangu ulinikuta nimeshastaafu kazi ya reli, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na ninadhani kwamba ya kujifunza nimeyamaliza. Nimeukwepa mwaka huo kwa muda mrefu. Lakini juzi watu wa kanisa walikuja kwangu, mtaa wa Ziwani, Nairobi, kumkumbuka marehemu mke wangu, Rosa. Wakaomba, wakaimba, wakakaa kula. Nilikuwa karibu na mlango wa jikoni, sahani ya wali na kuku magotini, nikamsikia mama mmoja nyuma ya pazia akimwambia mwenzake, "Huyu mzee alimtunza mkewe, weh! Wanaume kama hawa wameisha." Mwenzake akajibu, "Wangu nikiumwa hata na kichwa tu, anakumbuka ana mkutano." Wakacheka. Mimi nikaweka sahani chini. Jirani yetu, Mama Wanjiku, alikuwa akipita na birika. Alikuwa amesikia pia. Akauliza kwa upole, "Niongeze chai, Baba Nekesa?" Yeye anajua. Naandika ili na wale wa nyuma ya pazia wajue.

Rosa alianza kusahau vitu vidogo. Alitia chumvi mara mbili, akatafuta miwani ilhali ameivaa. Kisha akawa anasahau vikubwa. Asubuhi moja nilirudi kutoka kununua maziwa nikakuta gesi inavuma jikoni bila moto, naye amekaa sebuleni akikunja nguo kwa utulivu kabisa. Siku nyingine Mama Wanjiku, ambaye huuza mboga Muthurwa, alimkuta kule sokoni bila viatu, akiulizia bei ya kitambaa katika duka lililofungwa miaka mingi iliyopita. Akamshika mkono akamrudisha nyumbani, akaacha mboga zake kwa mwenziwe. Binti yetu Nekesa, anayefanya kazi Nakuru, alifika mwisho wa juma hilo. Alipika ugali na mrenda, akatupakulia, akangoja mpaka mama yake aanze kula.

"Baba, mama aende na mimi."

"Nakuru ataenda kufanya nini? Hapa ndipo anapojua choo kiko wapi."

"Jana hakujua."

"Jana alikuwa amechoka."

Rosa aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Mnamzungumzia nani?"

"Jirani fulani," nikasema.

"Maskini," akasema Rosa, akaendelea kula.

Tuliafikiana kwa shingo upande. Rosa angebaki Ziwani, kwa ahadi kwamba sitamwacha peke yake hata kidogo. "Mimi nitaenda wapi?" nilimwambia Nekesa. "Nimestaafu." Naye angelipia intaneti ya waya, afunge kamera sebuleni, awe anatutazama kwenye simu yake akiwa Nakuru. Ahadi ikivunjika, mama anaondoka. Hilo alilisema mara moja tu, akiwa anaosha vyombo, akiwa amenipa mgongo, na sikuhitaji kulisikia mara ya pili.

Kwetu ni nyumba ya vyumba viwili, ya zile za zamani za kaunti, ukuta wetu ndio ukuta wa Mama Wanjiku. Mtu akikohoa kwake, kwetu tunamwambia pole. Ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, iliwekwa juu ya redio, na kamera, kitu cha ukubwa wa kikombe chenye kijicho kimoja cheusi, ikakaa juu ya kabati la vyombo, ikielekea kiti cha Rosa na mlango. Nekesa alinifundisha kufungua ukurasa wa ruta kwenye simu yangu: hapa pa jina la mtandao, hapa pa nenosiri, hapa pa usalama. Sikupata shida. Maisha yangu ya kazi niliyatumia kwenye ishara za reli, na kazi ya ishara ni moja tu, kujua nani ana ruhusa ya kuingia kwenye njia na nani angoje nje. Nilisoma shule ya sekondari nikaishia hapo, lakini kifaa chochote chenye taa na mpangilio hunivutia. Nilimaliza jioni nzima nikisoma kila mstari wa ukurasa ule. Nekesa aliniona nikitabasamu, akafurahi. Alidhani amempa baba yake kitu cha kushughulika nacho. Hakujua amenipa pia namna ya kumdanganya. Hata mimi sikujua bado.

Miezi ya kwanza nilitimiza ahadi. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Nilimwamsha, nikamwogesha, nikamlisha uji. Nilijibu swali moja mara nyingi hadi maneno yakapoteza maana. "Leo ni siku gani?" Jumanne. "Leo ni siku gani?" Jumanne, Mama Nekesa. Na kamera ile ilikuwa na kipaza sauti. Nikiwa katikati ya kumvalisha, sauti ya mtoto wangu mwenyewe ingetoka juu ya kabati: "Baba, mama hana soksi." "Baba, hiyo chai si ya moto sana?" "Baba, mbona unamfokea?" Hapo mwisho alikuwa na haki, nilikuwa namfokea. Lakini mtu akiambiwa kosa lake na kabati, haoni kosa, anaona kabati tu. Oloo, niliyefanya naye kazi reli na ambaye hucheza drafti nami tangu tukiwa vijana, alikuja kunijulia hali akanikuta nimesimama katikati ya chumba, namwomba Nekesa niende dukani kununua sukari.

"Barasa," akasema, "mtu mzima unaomba ruhusa kwa kabati?"

"Ni Nekesa."

"Namwona Nekesa. Ana jicho moja siku hizi." Akaipungia kamera mkono. "Shikamoo, bibi kabati! Tunaomba mume wa watu kidogo, tutamrudisha."

Rosa akacheka sana. Mimi sikucheka. Kibanda chetu cha drafti kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwangu, karibu na wanapoegesha mikokoteni. Kuna ubao, kuna vifuniko vya soda vya rangi mbili, kuna wazee watano au sita wanaotukanana kwa mapenzi mchana kutwa. Wakati wa kuanika nguo, upepo ukiwa mzuri, niliweza kuzisikia sauti zao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Vijana wa mtaa walikuwa wameshanusa waifai. Waliegemea ukuta wetu na simu zao kama watu wanaoota jua. Mmoja, akiniita mzee kwa Sheng yao, aliniambia waziwazi, "Mbuyu, niaje? Tupatie paswadi, tutakuombea maisha marefu." Nikamjibu kwamba maisha marefu ninayo tayari. Lakini kuna mtu aliipata, kwa sababu nenosiri lilikuwa bado lile lililobandikwa chini ya ruta, na wageni hawakosi kuinua kitu wakasoma. Picha ya kamera ikawa inakwama kwama. Nekesa akapiga simu. "Baba, badilisha. Na ukiwa hapo kwenye usalama, chagua ule wenye nguvu zaidi." Nikafungua ukurasa. Kulikuwa na mistari mitatu, kila mmoja na aina yake ya kufuli la mtandao: mmoja wa WPA2, mmoja wa WPA3, na mmoja wa kuchanganya aina zote mbili. Tatu ni kubwa kuliko mbili. Nikachagua WPA3, nikaandika nenosiri jipya, nikabonyeza. Vijana wakabanduka ukutani wakinung'unika. Simu yangu ikashika vizuri. Nikaipa kamera nenosiri jipya kama nilivyoonyeshwa, na taa yake, iliyokuwa kijani, ikawa nyekundu, ikabaki nyekundu.

Siku ile ya kwanza sikudanganya. Nilihangaika kweli. Nilizima nikawasha, nikaisogeza kamera karibu na ruta, nikaandika nenosiri upya herufi kwa herufi. Ni kesho yake, nikiwa nakoroga uji, ndipo nilipoelewa. Kamera ile ilikuwa ya bei nafuu na ya mtindo wa zamani kidogo. Kufuli hilo jipya la mtandao haikulijua. Ilikuwa inabisha hodi kwa lugha ambayo mlango hauisikii tena. Dawa ilikuwa kubadilisha mstari mmoja tu, kurudi kwenye ule wa kuchanganya. Nikaepua sufuria, nikachukua simu, nikafungua ukurasa, kidole kikawa juu ya mstari wenyewe. Nikainua macho nikaitazama kamera. Kwa mara ya kwanza tangu ifungwe, nilikuwa mimi ninayeitazama, yenyewe hainioni. Chumba kilikuwa kimya. Rosa alikuwa amesinzia kitini. Nikafunga ukurasa.

Nilianza kwa kutoka nje ya mlango tu, nikasimama. Kisha mpaka kwenye kona. Kisha nikanunua kufuli. Nilijiambia kwamba bila kufuli angetoka apotee, kwa hiyo kumfungia ni kumlinda. Nilikuwa na sababu nzuri kwa kila jambo mwaka ule. Nilimlisha chakula cha mchana, nikangoja asinzie, nikazima gesi kwenye mtungi, nikafunga kwa nje, nikaenda. Wazee walinipokea kwa kelele. "Kabati limekupa likizo?" Oloo akauliza. Nikasema kamera imeharibika. "Mungu anajibu maombi," akasema mwingine, wote wakacheka, nikapanga vifuniko vyangu. Nilikusudia mchezo mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kucheza drafti mchezo mmoja.

Nekesa hakukata tamaa. Hilo ndilo lililonitesa, uvumilivu wake. Kila akipata nafasi kazini alipiga simu, tukakaa kutafuta kosa pamoja, yeye akiuliza, mimi nikisoma kwenye ukurasa, au nikijifanya nasoma.

"Jina la mtandao ni lilelile?"

"Lilelile."

"Nenosiri uliliandika vizuri? Herufi kubwa?"

"Vizuri kabisa."

"Na hapo kwenye usalama, pameandikwaje?"

"WPA2," nilisema, macho yangu yakiwa juu ya ile tatu.

Nikamsikia akikuna kichwa kule Nakuru. "Basi sielewi. Inafaa ishike. Nitaulizia." Akaulizia. Siku nyingine akaja na neno jipya kutoka kwa mtu wa ofisini kwake, kwamba huenda kuna orodha ya vifaa vilivyozuiwa. Tukaitafuta. Haikuwa na kitu. Siku nyingine huenda ni masafa ya mawimbi ya ruta. Tukabadilisha masafa. Kila alilosema nilifanya, isipokuwa kumsomea kweli ule mstari wa usalama, na kila tulipomaliza alisema, "Pole kwa kukusumbua, baba." Binti yangu aliniomba msamaha kwa uongo wangu, nami niliupokea. Nikasema hakuna shida.

Kisha ikaja alasiri ambayo nilirudi nikaona watu wawili dirishani kwetu, mmoja ndani, mmoja nje. Wa nje alikuwa Mama Wanjiku, bado na leso yake ya sokoni kiunoni. Wa ndani alikuwa Rosa. Alikuwa akimpitishia vijiko kwenye nondo za dirisha, kimoja kimoja.

"Shika hivi," Rosa alikuwa akisema. "Enda navyo sokoni, uza, uniletee mtu mwenye ufunguo."

"Sawa, mama. Nimeshika."

"Mwambie nalipa vizuri."

Nilifungua kufuli. Rosa aliponiona alinisalimu habari ya mchana, kama vile mimi ni mgeni. Mama Wanjiku akaniita kando ya mfereji, akanirudishia vijiko vyote mkononi.

"Baba Nekesa, hii ni mara ya ngapi?"

"Nilitoka kidogo tu."

"Mimi nasikia, ujue. Ukuta ni wetu sote. Nasikia akitikisa mlango. Huwa naongea naye kupitia ukuta huo mpaka alale." Alikuwa na hasira lakini alisema polepole, kwa heshima, na heshima ile iliniuma zaidi. "Hata mbuzi, haki, mtu humfunga mahali pana majani."

"Usimwambie Nekesa. Atamchukua."

"Si mimi wa kumwambia. Ni wewe." Akafunga leso yake upya. "Lakini akiniuliza, uzee huu wangu si wa kudanganya."

Ungedhani niliacha. Niliacha kwa muda, siku za mvua, ambapo kibanda chetu cha drafti huvuja. Jua lilipotoka nikarudi. Nilimpelekea Rosa redio karibu ili asichoke, na nikaona nimefanya la maana.

Jumapili moja, baada ya kanisa, tulikuwa tunakula ugali na omena. Nekesa akapiga simu kwa laini ya kawaida, nikaiweka mezani kwa sauti ya juu ili niendelee kula. "Baba, leo tunaanza upya kabisa," akasema. "Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Chukua sindano, dunga, ushikilie mpaka taa zote zizime. Itarudi kama ilivyotoka dukani, na lile nenosiri la kibandiko. Kamera bado inalikumbuka, itajishika yenyewe." Nilijua ni kweli. Nilijua ikishazimika na kuwaka, kufuli langu jipya la mtandao litakuwa limeondoka. Nikachukua sindano ya kushonea ya Rosa kwenye kopo lake, nikasimama mbele ya redio, mgongo ukiwa kwa meza.

"Umedunga?"

"Nimedunga."

"Taa zimezima?"

"Zimezima zote."

"Hazijazima," akasema Rosa, mdomo ukiwa na chakula. "Zinawaka. Kijani, kijani, na ile nyingine pia kijani."

Kisha: "Mama?"

"Nekesa! Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama. Baba amedunga ile sindano?"

"Ameishika tu. Ameishika kama mtu anayetaka kushona."

Kule Nakuru nilisikia maji ya mfereji yakitiririka, kisha mtu akayafunga. Ningeweza kusema kitu. Ilikuwa nafasi pana, na nimeirudia kichwani mara nyingi na maneno mazuri ya kila aina.

"Mama," Nekesa akauliza, sauti yake ikiwa chini, "baba hushinda na wewe mchana?"

"Mchana yuko kazini. Reli haingoji mtu." Rosa alichambua omena, akaondoa kichwa, akakiweka pembeni ya sahani. "Hunifungia kwa nje na kufuli, wezi wasiingie. Baba yako ni mtu mwangalifu sana."

Hakuwa anachongea. Alikuwa ananisifu. Alisema kwa fahari, kama mke anayemsifia mumewe mbele ya shemeji.

"Baba," Nekesa akasema. "Dunga."

Nikadunga. Taa zikazima zote, chumba kikawa kana kwamba kimefumba macho, kisha zikarudi moja moja. Juu ya kabati, nyekundu ikapepesa, ikawa kijani. Nekesa akafungua kamera kwenye simu yake. Alikuwa anatuona: mama yake na sahani, baba yake amesimama na sindano. "Nakuja Jumamosi," akasema, akakata.

Alikuja na gari la rafiki yake. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nikachinja kuku, nikapika mwenyewe, vibaya. Alikula vipande viwili kwa adabu. Alikuwa ameshaongea na Mama Wanjiku kwake, niliwasikia kupitia ukuta, si maneno, ni mlio tu, na mahali fulani katikati mmoja wao alilia. Akakunja nguo za mama yake sandukuni.

"Ilikuwa kidogo tu," nikamwambia.

"Kidogo ni ngapi, baba?"

Mtu anayecheza drafti haangalii saa. Mlangoni Rosa alisita. "Tunaenda kwa nani?"

"Kwa Nekesa, mama."

"Nekesa ni nani?" akauliza, huku akiwa amemshika Nekesa mkono. Binti yangu akatazama chini.

"Ni mtoto wako," nikasema.

"Basi twende haraka, asitungoje."

Nekesa aliishusha kamera kutoka kwenye kabati akaenda nayo. Nilidhani hiyo ni adhabu, lakini baada ya siku chache alinitumia njia ya kuifungua kwenye simu yangu. Alikuwa ameiweka chumbani kwa mama yake, Nakuru. "Umwone ukitaka," alisema. Nilitaka. Sikurudi kwenye drafti. Hakuna aliyenizuia sasa, lakini miguu ilikataa. Nilikaa kwenye kiti cha Rosa na simu mkononi, nikimtazama akilishwa na dada wa kazi, akikunja nguo zilezile, akizungumza na dirisha. Nilikula nikimtazama. Mara moja nilijisahau nikabonyeza kipaza sauti nikasema, "Mama Nekesa, umeacha uji." Dada wa kazi aliruka karibu amwage sufuria. Nikaelewa basi jinsi inavyokuwa kuwa kabati.

Kisha siku moja picha ikakatika. Maandishi tu: haijaunganishwa. Nikangoja. Jioni nikampigia Nekesa.

"Ni mtandao, baba. Unasumbua."

"Zima ruta, uwashe."

"Nimezima. Bado."

Kesho yake nikapiga tena. Nikamuuliza jina, nikamuuliza nenosiri, nikamuuliza herufi kubwa. Nikamuuliza, "Na hapo kwenye usalama, pameandikwaje?"

"Vilevile, baba. Kama zamani."

Alijibu upesi. Alijibu kabla mtu hajaweza hata kufungua ukurasa. Mimi nilikuwa nimelijibu swali lile mara nyingi, najua linachukua muda gani ukilijibu kwa ukweli. Nikakisia ameizima kamera kwa sababu kama yangu. Nikamwambia pole kwa kukusumbua. Nikavaa koti, nikampa Mama Wanjiku ufunguo wa nyumba, nikaenda Nakuru. Njia nzima nilikuwa na sentensi moja mdomoni, nikiilainisha.

Nekesa alifungua mlango, akaniona, mkono wake ukabaki kwenye komeo. Nikapita bila kusalimia. Rosa alikuwa kitandani, amelala chali, upande wa uso umevimba na kuwa mweusi kutoka jichoni hadi shavuni, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa amepungua kuliko alivyoonekana kwenye simu. Dada wa kazi alikuwa ameenda kwao kwenye matanga. Nekesa alikuwa ameitwa kazini, akaona ni kidogo tu, mama amelala, akafunga. Rosa alikuwa ameamka akatafuta mlango, akajikwaa. Nekesa alinieleza haya akiwa amesimama nyuma yangu, na alisema neno lile, "kidogo," akalikatiza katikati.

Ningeweza kuinyamazia sentensi yangu. Nilikuwa nimeuona uso wa Rosa, nimeuona wa binti yangu, hakuna aliyebakiwa na kitu cha kuambiwa. Lakini niliisema. "Kumbe na wewe pia unajua kufunga mlango." Katika yote ya mwaka ule, kufuli, uongo, vijiko dirishani, hiyo ndiyo ninayotamani zaidi kuirudisha. Kufuli nilifunga kwa uchovu. Hiyo niliisafirisha makusudi kutoka Nairobi.

"Ndiyo, baba," Nekesa akasema. "Nilifunga. Na kamera niliizima mimi mwenyewe, usimwone hivi."

Akasema hivyo tu, bila sababu hata moja. Neno ambalo mimi sikuwahi kulitoa kwa mdomo wangu, mpaka likasemwa na mgonjwa akila omena, yeye alilitoa akiwa amesimama. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Baada ya muda nikavua koti, nikauliza beseni liko wapi. Nekesa akaleta beseni na kitambaa. Tukamwinua Rosa pamoja, yeye begani, mimi kiunoni, tukaanza kumpangusa, tukiuzunguka uvimbe ule polepole. Akafumbua macho, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Maji ni baridi," akalalamika. "Nyinyi ni watu gani mnaoosha mtu na maji baridi?"

Tukainuka wote wawili mara moja kukimbilia jikoni. Mlangoni tukagongana mabega, tukasimama. Nyuma yetu kitanda kilikuwa na Rosa peke yake, miguu yake imeshashuka chini inatafuta sakafu. Nekesa alinitazama, nami nikamtazama.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Mimi nabaki."

Akaenda. Nikarudi, nikakaa, nikaishika ile miguu.